Maziwa Mawili na Mkondo Mmoja: Habari za Uvuvi katika Nchi ya Busongora

Msafiri atokaye Mbarara kwenda Kasese, akishateremka ukingo wa Bonde la Ufa, huvuka daraja la Katunguru. Chini ya daraja hilo hupita maji ya kijani yaendayo polepole mno, hata mtu asiyeangalia kwa makini aweza kudhani yamesimama. Hayo ndiyo maji yaunganishayo Ziwa George na Ziwa Edward. Ramani nyingi za shule huyaita Mfereji wa Kazinga. Sisi tufundishao lugha tungependelea kusema Mkondo wa Kazinga, kwa maana mfereji katika fikira za Mswahili ni kitu kilichochimbwa kwa jembe na mwanadamu, ilhali mkondo huu haukuchimbwa na mtu yeyote. Maji yake hutoka George yakaingia Edward. Na kutoka Edward, mahali paitwapo Ishango, huanza Mto Semliki uendao Ziwa Albert na hatimaye Nile. Kwa hiyo mvua inyeshayo katika vilele vya Ruwenzori, ikateremka kwa Mto Mubuku au Mto Nyamwamba hadi Ziwa George, ina safari ndefu sana mbele yake kabla ya kuiona bahari.

Historia ya nchi hii ifundishwapo darasani, aghalabu hutajwa chumvi ya Katwe, shaba ya Kilembe, wafalme wa Toro na Bunyoro, na harakati za Rwenzururu. Samaki hutajwa kwa sentensi moja, tena katika somo la jiografia. Walakini kwa muda mrefu kuliko shaba, na pengine kuliko chumvi yenyewe, watu wa ukanda huu wameishi kwa samaki. Na maswali makubwa ya nchi, yaani ni nani mwenye ardhi, ni nani mwenye maji, na ni nani aliye na idhini ya kukaa wapi, yameulizwa kwanza ufukoni. Ndiyo maana twaona inafaa habari hizi ziandikwe kwa Kiswahili, lugha ambayo wavuvi na wachuuzi wa pande mbili za mpaka huitumia kila siku bila kungoja ruhusa ya mtu.

Maziwa haya mawili ni ndugu wasiofanana. George lina eneo la kilomita za mraba 250 hivi, na kina chake kwa wastani hakizidi mita mbili na nusu: mtu akisimama juu ya mabega ya mwenzake angekiweka kichwa chake nje ya maji karibu kila mahali. Mstari wa Ikweta hupita sehemu yake ya kaskazini. Edward nalo lina kilomita za mraba zipatazo 2,300, na upande wa Kongo, chini ya ukuta wa milima ya magharibi, kina chake hupita mita 110. Sehemu ya Uganda katika Edward haifiki hata theluthi moja. Iliyobaki ni ya Kongo. George ni la Uganda lote. Mvuvi wa Kahendero au Hamukungu, kwa hiyo, hana wasiwasi wa mpaka. Mvuvi wa Katwe au Kayanja anaulala na kuuamkia.

Tuanze na mambo ya kale. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa Kibelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba Ishango, pale Semliki inapotoka ziwani. Alikuta mabaki ya makazi ya wavuvi walioishi hapo yapata miaka 20,000 iliyopita, na miongoni mwa vitu vyao mfupa mdogo uliochanjwa mistari kwa makundi. Mfupa huo, ambao umehifadhiwa Brussels, umepata sifa duniani kote; wataalamu wa hesabu wameubishania sana, wengine wakisema ni kalenda ya mwezi, wengine ni hesabu za namba. Hatuna ugomvi na hao. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba mahali palepale palitoka pia machusa mengi ya mfupa, yenye meno ya kumzuia samaki asichomoke, na mifupa ya samaki kwa wingi. Mfupa mmoja wenye chale umeandikiwa vitabu. Machusa, ambayo ndiyo yaliyowalisha wenye kuuchanja, yameachiwa wachimbaji.

Tena si Ishango pekee. Kilomita chache chini ya hapo, kando ya Semliki, mahali paitwapo Katanda, wachimbaji wakiongozwa na Wamarekani John Yellen na Alison Brooks walikuta machusa ya mfupa ambayo, kwa vipimo walivyovitangaza mwaka 1995, yana umri wa miaka ipatayo 90,000. Baadhi ya wataalamu wenzao walisita kuupokea umri huo kwa jinsi ulivyo mkubwa. Kilichotuvutia sisi zaidi ni mifupa iliyokuwa pamoja na machusa hayo: ni mifupa ya kambare wakubwa. Kambare, mvua zinyeshapo, huacha kina akaja kutaga katika maji machache penye majani yaliyofurikiwa. Wakati huo huwa mzito na hana hadhari, na mtu mwenye chusa asimamaye ndani ya maji ya magoti aweza kumpata. Hao wa kale, basi, walijua majira. Walijua ni mwezi gani wa kuhamia mtoni na ni samaki gani atakayekuwapo. Mtu akituambia kwamba uvuvi ulifundishwa huku na Serikali ya kikoloni kwa kuleta nyavu, tunamwonyesha Katanda.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya majina, kwa sababu ndimo mwalimu wa Kiswahili wa huku anamojikwaa kila mwaka. Katika maziwa haya samaki wa biashara ni watano au sita. Wa kwanza ni ngege, ambaye Watanzania wengi humwita sato au perege. Huyu hula mwani, naye ndiye aliyejaza mitumbwi na magari kwa miaka yote. Kisha wapo wale walao wenzao: semutundu, mwenye sharubu na ngozi isiyo na magamba, awindaye usiku, kambare, ambaye kwa Kiganda ni emmale, na yule samaki mrefu mwenye mapafu, ajifukiaye topeni maji yakikauka, ambaye kwa Kiswahili cha ziwani huitwa kamongo na kwa Kiganda emmamba. Mwanafunzi wa Kasese aliyezoea jina hili la pili huandika katika insha kwamba baba yake alivua mamba watatu akawauza sokoni. Mtahini atokaye pwani husoma habari hiyo kwa mshangao mkubwa, akidhani mzee huyo ni shujaa wa kupigana na mijusi ya majini. Wala kosa si la mwanafunzi peke yake: Waganda mnyama yule wa magamba humwita ggoonya, wala hawana shida na mamba wao.

Jambo hili lina kichekesho kingine ndani yake. Kwa kumbukumbu zote za karne ya kumi na tisa na sehemu kubwa ya karne ya ishirini, mamba yule wa Kiswahili hakuwamo katika Edward wala George, ijapokuwa mifupa yake ya kale imekutwa huko. Alikuwako Albert, alikuwako Semliki ya chini, lakini maporomoko ya Semliki yapitayo katika msitu yalikuwa kama lango lililofungwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ameanza kuonekana tena, na leo watalii huonyeshwa mamba wakiota jua katika Mkondo wa Kazinga. Sangara naye hayumo. Alikuwamo zamani za kale, akatoweka, na maporomoko yaleyale yamemzuia asirudi. Ndugu msomaji akumbuke yaliyolipata Ziwa Victoria baada ya sangara kutiwa humo katika miaka ya 1950, ndipo atakapotambua kwamba maporomoko yale yamewafanyia watu wa Katwe hisani kubwa.

Wageni walifika kwa hatua. Mwezi Januari 1876 Henry Morton Stanley, akisindikizwa na jeshi la Mutesa wa Buganda, alilifikia Ziwa George kutoka juu ya magenge, akashindwa kuishusha mashua yake majini kwa hofu ya wenyeji, akarudi. Mwaka 1889 alipita tena, safari hii akitoka Kongo pamoja na Emin Pasha, akafika hadi Katwe na kustaajabia chumvi yake. Maziwa haya yalibandikwa majina ya watu wa ukoo wa kifalme wa Uingereza, baba na mwana: Edward na George. Kwa wenyeji lile kubwa lilijulikana kwa jina lenye maana ya kiua nzige, ambalo Wazungu waliliandika Muta Nzige, kwa sababu makundi ya nzige yajaribuyo kulivuka huanguka yakafa. Katika miaka ya 1970 ziwa hilohilo liliitwa kwa jina la Idi Amin Dada, na lile la Albert kwa jina la Mobutu Sese Seko. Majina hayo yaliondoka pamoja na wenyewe. Mvuvi wa Rwenshama hakubadili chochote katika hayo yote. Kwake ni ziwa.

Mwaka 1891 Frederick Lugard alifika Katwe, akajenga ngome akaiita Fort George ili kuyashika machimbo ya chumvi. Chumvi na samaki huku ni habari moja. Samaki wa nchi ya joto huoza kabla ya jua kutua. Asipobanikwa au kutiwa chumvi hawezi kufika mlimani wala Nkore. Katwe palikuwa na chumvi mlangoni pa ziwa lenye samaki, na watu wa Katwe, wakiwamo Wakingwe waliojulikana kwa uvuvi, walibadilishana vyote viwili kwa mtama, ndizi na majembe ya Wakonzo na Watoro. Aliyeishika Katwe aliwashika watu kwa kitoweo na kwa chumvi pamoja, na ndiyo maana Kabalega na Lugard walipigania mahali ambapo hapaoti hata kunde.

Kisha likaja balaa ambalo lilibadili umiliki wa fuko zote hizi. Ugonjwa wa malale ulienea katika kingo za maziwa ya Uganda mwanzoni mwa karne ya ishirini, ukaua watu kwa maelfu mengi katika Ziwa Victoria. Serikali ya kikoloni iliamua kuwahamisha watu kutoka penye mbung'o. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza amri hiyo ilifika Edward na George pia: vijiji vya ufukoni vikaondolewa, na uvuvi ukapigwa marufuku. Nia yaweza kuwa ilikuwa kuokoa maisha, wala hatusemi kwamba ugonjwa ulikuwa wa kubuni. Lakini tazama matokeo. Nchi iliyoachwa wazi ilirudi kuwa pori, wanyama wakaongezeka, na baada ya miaka michache mgeni apitaye aliona mbuga tupu yenye tembo na viboko, akasema hapa hapajakaliwa na mtu. Watu waliporuhusiwa kurudi, hatua kwa hatua, walirudi kama wapangaji katika nyumba yao.

Mwaka 1952 ardhi hiyo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa kwa jina la Kazinga, na mwaka 1954, baada ya ziara ya malkia, ikaitwa Hifadhi ya Malkia Elizabeth. Katika miaka ya 1970 iliitwa Rwenzori, na mwaka 1991 ikarudishiwa jina la malkia. Upande wa pili wa mpaka Wabelgiji walikuwa wametangulia tangu mwaka 1925 kuanzisha hifadhi waliyoiita kwa jina la mfalme wao Albert, ambayo leo ni Virunga. Vijiji vya wavuvi havikufutwa vyote. Viliachwa kama visiwa ndani ya hifadhi: Katwe, Kayanja, Kasenyi, Hamukungu, Kahendero, Katunguru, Kazinga, Kishenyi, Rwenshama. Upande wa Kongo viliruhusiwa vitatu tu: Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge.

Sharti kubwa ni kwamba mkazi wa kijiji cha namna hiyo asilime. Ana nyumba, ana mtumbwi, ana soko na shule, lakini mhogo wake, ndizi zake na kuni zake lazima zitoke mahali pengine. Naye akienda kukata kuni ng'ambo ya mpaka wa kijiji amekuwa mhalifu. Mkulima wa Bwera mavuno yakimpotea hula samaki. Mvuvi wa Kasenyi samaki wakimpotea hana shamba la kukimbilia. Usiku kiboko hupita kati ya nyumba, na simba wa Hamukungu huchukua ng'ombe. Tunaposoma takwimu za samaki, yafaa tukumbuke kwamba nyuma ya kila tarakimu wapo watu ambao sheria imewafunga kwenye kazi moja.

Katika wakati huohuo Serikali ya Uganda ilianzisha shirika la kuuza samaki lililojulikana kwa kifupi TUFMAC, lenye kiwanda Kasenyi, ufukoni mwa Ziwa George. Wavuvi wenye leseni walitakiwa kuliuzia shirika ngege wao. Shirika likawagandisha minofu kwa ajili ya miji, na wengine likawatia chumvi na kuwakausha, wengi wakaenda Kongo kulisha wafanyakazi wa huko. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, samaki nao walipata njia. Kilembe kwenyewe palikuwa na wachimbaji wa makabila mengi, ambao lugha yao ya kuelewana shimoni na dukani ilikuwa Kiswahili. Maneno kama leseni, jarife, ndoano na posho yalitembea kati ya mgodi na ufuko bila kubadilika.

Juu ya shirika hilo maoni ya wazee hutofautiana. Wapo wasemao kwamba mvuvi alikuwa na uhakika wa mnunuzi kila asubuhi, jambo ambalo hajalipata tena. Wapo wasemao kwamba mnunuzi akiwa mmoja, bei ni ile atakayo yeye, na mchuuzi mdogo aliyebeba samaki wake kichwani kwenda mlimani aligeuzwa mwizi. Sisi twadhani pande zote mbili zasema kweli. Machafuko ya Kongo baada ya Juni 1960 yalitikisa soko la samaki wa chumvi, na katika miaka ya 1970, nchi ilipovurugika, kiwanda kilikufa kama vilivyokufa vingine vingi.

Lililo kubwa kuliko kiwanda ni lile lililompata samaki mwenyewe. Tangu mwaka 1966 hadi 1972 wataalamu wa Uingereza na Uganda walikaa Kasenyi wakilichunguza Ziwa George, katika mpango wa kimataifa wa kuchunguza viumbe. Matokeo yake yalichapishwa London mwaka 1973. Waliona jambo la ajabu: ziwa hilo ni kijani mwaka mzima kwa sababu ya mwani wa aina ambayo samaki wengi hawawezi kuusaga tumboni, ila ngege aweza, kwa kuwa asidi ya tumbo lake ni kali mno. Ziwa fupi, jua la Ikweta, mwani mwingi na samaki aulaye: ndiyo siri ya George kuzaa samaki wengi kuliko ukubwa wake. Waliona pia kwamba upepo mkali ukivuruga tope la chini, hewa humalizika majini, na samaki hufa kwa wingi kwa siku moja.

Lakini waliona na jingine. Ngege aliyeuzwa Kasenyi mwaka 1950 alikuwa na uzito wa karibu gramu 900 kwa wastani. Miaka 20 baadaye alikuwa na gramu 400 hivi. Sheria ilitaka tundu la wavu lisipungue inchi 5, na idadi ya mitumbwi ilikuwa na kikomo. Hata hivyo wavu huo wenyewe, ukitumika kila usiku kwa miaka mingi, huondoa wakubwa na kuwaacha wadogo, na samaki huanza kutaga akiwa bado mdogo, kana kwamba amejua kwamba hatapata uzee. Sheria ilipolegea baada ya mwaka 1971, wavu uliteremka inchi hadi inchi; zikaja nyavu za kukokota na desturi ya kupiga maji kwa rungu ili samaki waliojificha wakimbilie wavuni.

Huko Marekani ya Kaskazini, katika misururu ya maziwa ya Wisconsin na Minnesota yaliyounganishwa kwa mikondo kama hii yetu, yumo samaki mkali aitwaye muskie, mlaji wa wenzake kama alivyo semutundu, na apendwaye hata Wisconsin ikamtangaza mwaka 1955 kuwa samaki wa jimbo. Wavuvi wa huko hutoka na fimbo na ndoano, wakirusha mara elfu kumpata mmoja. Na wakishampata, wengi humpima, humpiga picha, kisha humrudisha majini aende zake. Tuliwahi kuwasimulia wanafunzi wetu jambo hili, nao wakacheka, wakauliza mtu huyo nyumbani anakula nini. Swali lilikuwa zuri. Kwa mtu avuaye kwa kujifurahisha, samaki mkubwa aliyerudishwa ni sifa. Kwa mtu asiyeruhusiwa kulima, ni ada ya shule iliyozama. Hata hivyo kipimo cha mhifadhi ni kilekile kote kuwili: je, wakubwa wa kutaga wamebaki majini?

Mwingine aliyepungua ni kiboko. Kati ya mwaka 1957 na miaka ya 1960, wasimamizi wa hifadhi ya Uganda waliwapiga viboko kwa maelfu, wakisema wameimaliza nyasi. Upande wa Kongo, ambako katikati ya miaka ya 1970 walihesabiwa viboko karibu 29,000, vita na bunduki viliwapunguza hata mwanzoni mwa miaka ya 2000 hawakufika 1,500. Wavuvi wa Vitshumbi husema kwamba kiboko alikuwa akilima ziwa: alikula nyasi usiku nchi kavu, akaacha mbolea majini mchana, mbolea ikalisha mwani na mwani ukalisha ngege. Wataalamu wengi hukubali kwamba maneno hayo yana msingi, ingawa kulaumu upungufu wa kiboko pekee kungekuwa kuyasamehe makosa ya nyavu.

Bwera imeingia katika habari hizi kwa njia ya biashara. Haiko ziwani, iko katika miinuko ya mpakani, na soko la Mpondwe liko kando ya Mto Lhubiriha, ambao ng'ambo yake ni Kasindi. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni watu wa nasaba moja na lugha moja, waliogawanywa na mstari wa wakoloni. Samaki wa Kayanja na Katwe hupanda Bwera, huvuka kwenda Beni na Butembo. Na miaka mingine huvuka kwa upande wa pili. Katika miaka ya 1970, bidhaa zilipoadimika na fedha ya Uganda ikapoteza thamani, biashara hii yote iliitwa magendo. Neno hilo la Kiswahili lilienea Uganda nzima, likatumiwa hata na watu ambao waliapa kwamba Kiswahili ni lugha ya askari wasiyoitaka midomoni mwao. Tumewahi kuwaambia hivyo walimu wenzetu wa Kampala, nao hawakufurahi.

Kiswahili cha Mpondwe si cha vitabuni. Mkongomani husema kwa namna yake na Mganda kwa namna yake. Ngeli huvunjwa pande zote mbili, na bei hutajwa kwa faranga, shilingi na dola katika sentensi moja. Lakini mama auzaye kambare wa kubanika husikilizana na dereva atokaye Butembo bila mkalimani, na deni huandikwa na kulipwa. Uganda iliitaja lugha hii katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005. Soko la Mpondwe lilikuwa limekwisha kuirasimisha bila bunge.

Mwaka 2003 Uganda ilianzisha kamati za fuko, zijulikanazo kama BMU, ili wavuvi wenyewe wachague viongozi, wasajili mitumbwi na kukamata nyavu haramu. Baadhi ya kamati zilifanya kazi njema. Nyingine zilikuwa mlango wa rushwa. Mwaka 2017 Serikali iliwatuma wanajeshi kulinda maziwa. Nyavu haramu na mitumbwi midogo ilichomwa moto. Wapo waliosema kwamba samaki wakubwa walianza kuonekana tena. Wapo waliopoteza mtumbwi wa pekee, wakaingia porini kukata kuni na kukutana na askari wa hifadhi. Mzigo wa sumu nao upo: taka za mgodi wa Kilembe, uliofungwa mwaka 1982, zilitiririka kwa miaka mingi kuelekea vinamasi vya Ziwa George, ambalo tangu mwaka 1988 lilikuwa eneo la kwanza la Uganda kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu.

Katika Edward mambo yalifika pabaya zaidi. Mwezi Julai 2018 wanamaji wa Uganda na wa Kongo walirushiana risasi ziwani, na watu wakafa. Mara nyingi kabla na baada ya hapo wavuvi wa kila upande wamekamatwa na askari wa upande mwingine, nyavu na injini zikachukuliwa, jamaa wakalazimika kuchanga fedha ili mtu wao arudi. Mstari wa mpaka majini hauna mawe wala miti. Usiku wa upepo wavu huelea ukavuka wenyewe, na mwenyewe akiufuata amekosa pasipoti. Mwaka huohuo nchi mbili hizi zilitia sahihi mapatano ya kusimamia pamoja uvuvi wa Edward na Albert.

Mvuvi wa Katwe bado hutoka jioni na kurudi alfajiri. Ukifika ufukoni mapema utawaona wachuuzi wamesimama na mabeseni, na karani ameketi na daftari akiandika namba ya mtumbwi, aina ya samaki na uzito. Katika safu ya aina, makarani wengi huandika mamba kwa kamongo. Wanunuzi wa Bwera na Kasindi huipitia safu hiyo na kulipa, kwa kuwa wamekwisha kujua ni samaki gani.